Mkangaga Kando ya Jabali

Anayetaka kuotesha mkangaga Mwanza huambiwa mapema kwamba amekosea mji. Mkangaga, yaani kangaga lenye shina la kwenda juu kama mti na shada la majani mapana kileleni, ni mmea wa makorongo yenye ukungu. Hapa Tanzania makao yake yanajulikana: Usambara, Uluguru, Udzungwa, Rungwe, na mabonde ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, ambako spishi ya Alsophila manniana husimama kando ya vijito na kutandaza majani yake juu ya maji. Mwanza ina sifa nyingine. Ni mji wa majabali, wa vilima vya graniti, wa udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, na wa miezi mitatu au minne ya ukavu kila mwaka. Hoja kwamba mmea huo na mji huu havipatani inaonekana nzito, na watu wenye busara wanaishikilia. Mimi naipinga. Kutunza mkangaga kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kunawezekana, tena ni ufundi ambao bustani za Mwanza zinauhitaji kuliko bustani za Lushoto, kwa sababu unamlazimisha mtunzaji ajifunze kutumia vitu ambavyo mji huu unavyo tele: kivuli cha mawe, maji ya mvua yanayoteremka juu ya mawe hayo, na hewa ya ziwa. Asiyevijua vitu hivyo vitatu atanunua mmea mzuri na kuuzika. Anayevijua atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hajashika mche mkononi.

Msingi wa hoja hii uko katika namna mkangaga unavyozaliana. Hauna ua, hauna tunda, hauna mbegu. Ukigeuza jani lililokomaa utaona mgongoni mwake vidoa vya kahawia vilivyojipanga safu kwa safu. Kila kidoa ni fungu la vifuko, na kila kifuko kimejaa spora. Spora ni vumbi tu, na upepo huzibeba mbali sana, kiasi kwamba jamaa za mkangaga zimeota hata kwenye visiwa vya volkano katikati ya bahari kuu, visiwa ambavyo havijawahi kuungana na bara lolote. Kwa hiyo kinachouzuia mkangaga usiote mahali fulani mara nyingi siyo umbali. Spora hufika, zikaanguka juu ya jiwe la moto au kichanga kikavu, zikafa. Zikiangukia penye unyevu, kila moja huota kijani bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha. Hicho bado si mkangaga. Upande wake wa chini ndiko zinakokaa seli za kike na za kiume, na za kiume huogelea kuzifuata za kike kwenye utando mwembamba wa maji. Utando huo ukikosekana hakuna mimba, hata kama rutuba ipo, joto lipo na kivuli kipo. Makangaga yalikuwapo duniani miaka zaidi ya milioni 350 iliyopita, muda mrefu kabla ya ua la kwanza, na kwa kipindi chote hicho hayajaliacha sharti hili. Mmea unaofikia kimo cha paa la nyumba huanza na maji kidogo yasiyokauka mapema. Mtunzaji akilielewa jambo hili, swali la mbolea linakuwa la baadaye. La kwanza ni wapi kwenye kiwanja chake maji yanakaa, na yanakaa kwa muda gani.

Je, Mwanza maji hayakai? Mji hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa hilohilo, hupata karibu mara mbili ya kiasi hicho. Tofauti imeletwa na pepo: zile zinazovuma kutoka kusini mashariki huvuka ziwa, hubeba unyevu, na kuumwaga kwenye mwambao wa Kagera na visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Zinapopita Mwanza ziko mwanzoni mwa safari, zikiwa bado kavu. Hili ni kweli, na anayelipuuza atajuta. Lakini milimita 1,000 ni mvua ya kutosha kabisa. Shida ni mgawanyo wake. Huanza Oktoba au Novemba, hulegea kidogo Januari na Februari, hurudi kwa nguvu Machi na Aprili, kisha kuanzia Juni hadi Septemba mbingu zinafungwa. Kwa miezi minane hivi mkangaga unaweza kustawi bila kubembelezwa. Ufundi wote unahusu ile minne iliyobaki. Wanaosema mmea huu si wa hapa wakumbuke pia kwamba hapa penyewe pamegeuka mara nyingi. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita ziwa hili kubwa lilikauka, kisha likajaa tena mvua ziliporudi. Na chavua zilizohifadhiwa kwenye tope la chini yake zinaonyesha misitu ikitanuka kando ya maji, halafu ikipungua katika maelfu ya miaka ya karibuni. Sidai kwamba mikangaga iliwahi kusimama Kirumba, hapa mjini. Nadai kwamba mpaka wa mmea hufuata unyevu, na unyevu ni kitu ambacho mtu anaweza kukiongeza mahali padogo. Wasukuma wana desturi ya ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili mifugo ikute majani wakati wa kiangazi. Mkangaga wa Mwanza huishi kwa hesabu ileile: kilichopatikana Aprili kinawekwa kwa ajili ya Agosti.

Tuje kwenye majabali. Wengi wanaojenga vilimani huyahesabu kuwa hasara ya kiwanja, yapasuliwe kokoto au yafichwe nyuma ya ukuta. Kwa mkangaga jabali ni mali, ila lina upande wake. Mwanza iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 2 na nusu hivi. Mwishoni mwa Juni jua liko kaskazini kabisa, na saa sita mchana linakuwa limeinamia kaskazini kwa nyuzi kama 26 kutoka utosini. Wakati huo jabali la kimo cha mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1 na nusu upande wake wa kusini, na asubuhi na jioni kivuli hicho hurefuka. Kwa maneno mengine, kusini mwa jabali pana kivuli katika miezi ileile ya ukavu, Juni, Julai na Agosti, bila senti moja kutumika. Desemba jua huhamia kusini na kuupiga upande huo, lakini Desemba ni mwezi wa mawingu na mvua, na mkangaga wenye maji mizizini hustahimili jua la saa chache. Kwangu mimi huu ni mpangilio wa ajabu, na nashangaa kwamba hauzungumzwi zaidi na watu wa bustani wa mji huu. Hatari ipo mwishoni mwa Septemba. Siku hizo jua hupita utosini, jabali linakosa kivuli cha mchana pande zote, na mvua za vuli bado hazijafunguka. Mmea uliovuka Julai na Agosti salama unaweza kuungua katika wiki hizo mbili tatu tu. Ndipo panapotakiwa paa la muda la makuti au wavu wa kivuli, au mti wa juu wenye majani mepesi kama grevilea. Mwembe nao unafaa ukipunguzwa matawi; ukiachwa ulivyo, giza lake linazidi na majani ya mkangaga yanadhoofika.

Jabali lina faida nyingine ambayo mkulima wa mpunga anaijua kuliko mtunza maua. Graniti hainywi maji. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya uso wa jabali wenye mita 20 za mraba, karibu lita 200 huteremka hadi chini yake. Udongo wa pale chini unapata mvua kubwa kuliko ile iliyopimwa na kituo cha hali ya hewa, na ndiyo maana vilimani majani huendelea kuwa mabichi kuzunguka mawe wakati uwanda wa pembeni umeshageuka rangi. Kwa sababu hiyohiyo wakulima wa Usukuma huweka majaluba yao chini ya vilima, maji ya mtiririko yanapoishia. Mtunzaji atoke na mwavuli siku ya mvua kubwa atazame michirizi inashukia wapi juu ya jabali lake. Pale inaposhukia, upande wa kusini, apange mawe madogo kwa nusu duara upande wa bondeni, kimo cha kifundo cha mguu, ili maji yatulie kabla ya kuondoka. Akitaka kujua kama amechagua vizuri, aweke kiganja juu ya jiwe saa nane mchana mwezi Julai: likiwa la vuguvugu, panafaa, likichoma, asogee. Jambo la upepo nalo lisisahaulike. Asubuhi za kiangazi upepo mkavu hutoka nchi kavu, upande wa kusini mashariki, na alasiri ziwa hujibu kwa hewa yenye unyevu kutoka upande wake. Kwa hiyo uzio mzito uwe kusini mashariki, na upande wa ziwa uachwe wazi. Majani ya mkangaga ni mapana na mepesi, na upepo mkavu huyadhuru kabla hata ya jua.

Udongo wa luseni unadharauliwa kwa kuwa ni kichanga na maji hayadumu ndani yake. Hata hivyo una sifa moja ambayo mkangaga unaipenda: umetokana na graniti, hauna chokaa. Kinachokosekana ni mboji. Shimo la upana na kina cha mita moja, lililojazwa majani makavu, mboji iliyooza sawasawa na vipande vya migomba, hugeuka sifongo ndani ya msimu mmoja. Mgomba nauweka juu ya vyote. Shina lake likikatwakatwa na kutandazwa huwa ni maji yaliyofungwa ndani ya nyuzi, na mgomba ulio hai, ukipandwa kwa upande wa upepo, unaupa mche wa mkangaga kivuli na hewa yenye unyevu kwa miaka ile michache ya mwanzo. Pumba za mpunga, zinazorundikana bure kwenye mashine za kukoboa, zinafaa kulegeza udongo. Samadi mbichi isikaribie, maana huunguza mizizi. Matandazo yawe mazito kiasi cha kiganja kilichosimama, yasigandamane na shina, na yakaguliwe mara kwa mara kwa sababu mchwa wa kiangazi huyala usiku kucha na kuacha udongo uchi.

Sehemu ngumu na tamu ya ufundi huu ni kuotesha spora, na hapo ndipo namwona fundi wa kweli. Kipande cha jani lenye vidoa vya kahawia vilivyokomaa, visivyopasuka bado, hufungwa ndani ya karatasi laini na kuachwa mahali pakavu. Baada ya siku chache karatasi hubaki na vumbi. Vumbi hilo linahitaji kitanda kisicho na adui: mboji iliyochekechwa, ikamwagiwa maji yanayochemka ili kuua ukungu, kuvu na mayai ya wadudu, kisha ikafunikwa hadi ipoe. Kopo la plastiki lenye kifuniko kinachopitisha mwanga linatosha. Spora hunyunyizwa kwa kukung'uta karatasi kidogo sana, kwa kuwa zikiwa nyingi hubanana na kunyongana. Kopo hufunikwa, huwekwa kwenye mwanga usio wa jua kali, barazani au dirishani, na haliguswi. Wiki kadhaa hupita bila dalili. Halafu juu ya mboji hutokea ukijani hafifu ambao mgeni angedhani ni uchafu wa kulowana, na ukijani huo polepole hugawanyika kuwa vile vimoyo. Hapa wengi hukosea kwa kumwagilia kama wanavyomwagilia mchicha. Kinachotakiwa ni maji yaliyochemshwa yakapoa, yanyunyizwe kama ukungu, yatue juu ya vimoyo na kubaki. Ndani ya utando huo mimba hutungwa. Miezi inapita tena, na siku moja kutoka chini ya kimoyo huchungulia jani la kwanza la kweli, lisilozidi punje ya mchele, ambalo bado halijagawanyika kama la mkangaga mzima. Kuanzia hapo kifuniko hufunguliwa kidogo kidogo, leo nafasi ya unene wa kiberiti, baada ya wiki nafasi ya kidole, hadi mche uzoee hewa ya Mwanza. Anayekifungua kwa mara moja hupoteza kazi yote kwa mchana mmoja.

Mche ukishashika, kuutunza kunahitaji jicho kuliko mkono. Shina la mkangaga halinenepi kama la mwembe. Halina tabaka linaloongeza mbao mwaka hadi mwaka. Chini hufunikwa na mizizi inayoshuka kwa nje, na hiyo ndiyo inayoonekana kama manyoya meusi, kwa hiyo maji ya kiangazi yamwagwe juu ya shina pamoja na udongoni. Kwa spishi nyingi chipukizi ni moja tu, kileleni, na likivunjika mmea umekwisha. Majani mapya hutoka yamejikunja kama konokono, yamevikwa magamba laini ya kahawia, na hujifungua kwa siku nyingi. Likivunjwa moja, jani hilo halirudi, kwa hiyo watoto waelekezwe mapema. Majani ya zamani yasikatwe yangali na kijani chochote, hata yakianza kulegea, kwa sababu yakiinama kuzunguka shina hulikinga na upepo. Atakayeyakata avae glavu: vikonyo vya Alsophila manniana vina miiba myeusi. Ncha za majani zikigeuka kahawia, hewa ni kavu. Majani mapya yakitoka madogo kuliko yaliyotangulia, mizizi ina njaa au kiu. Na jani lililojikunja likisimama bila kufunguka, maji yamwagwe siku hiyohiyo.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu ni la maji. Kuna kaya vilimani ambazo wakati wa kiangazi hununua maji kwa ndoo na kuyapandisha kwa miguu. Kumwagilia pambo kwa maji ya bomba mbele ya macho ya majirani wenye ndoo tupu ni jambo la kuona haya, na mtu asiye na njia nyingine asipande mkangaga. Lakini njia nyingine ipo juu ya kichwa chake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 60 za mraba, kwa mvua ya Mwanza, hupokea kama lita 60,000 kwa mwaka. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki 48,000. Mkangaga uliofunikwa vizuri kwa matandazo, kando ya jabali, nauwekea makadirio ya lita 10 kwa siku wakati wa ukavu. Kwa siku 120 ni lita 1,200. Tangi la lita 2,000 linaumaliza msimu na kuacha akiba. Maji ya mvua pia yanaupendeza mmea huu kuliko ya bomba, kwa kuwa hayana klorini wala chumvi nyingi. Na hapa ndipo Waswahili waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba iliyoweka mifereji, tangi, kingo za mawe na matandazo kwa ajili ya mkangaga imejipatia maji ya kufulia, imezuia udongo wake usikimbilie Mto Mirongo na ziwani, na imepata kona yenye ubaridi ya kukaa alasiri. Bustani moja haiwezi kuzuia mafuriko ya mji. Kilima chenye bustani mia za namna hiyo kingeteremsha maji tofauti kabisa na yanavyoteremka sasa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mwambao huu una haki ya kulitoa. Gugumaji lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na wavuvi wa Mwanza wanajua lilichofanya kwenye mialo yao. Kuna funzo jingine kutoka upande wa pili wa nchi. Bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 huko Usambara Mashariki, ilipanda Maesopsis eminii, mti wa asili wa mwambao wa ziwa hili ambao Waganda wanauita musizi. Hondohondo walikula matunda yake, wakasambaza mbegu, na mti huo ukavamia msitu wa Usambara. Hivyo kuhamisha mmea ndani ya nchi moja kunaweza kuleta madhara sawa na kuuleta kutoka ng'ambo. Jibu langu lina sehemu mbili. Spishi ya kuchagua iwe ya Afrika Mashariki, na ile ya Australia, Sphaeropteris cooperi, inayopendwa na wauza maua kwa kuwa hukua haraka, iachwe kabisa. Huko Hawaii imeingia misituni na kuisukuma mikangaga ya wenyeji. Kisha tutazame mazingira. Mwanza, nje ya kona iliyoandaliwa, kimoyo cha mkangaga hakiwezi kuvuka Agosti moja kwenye luseni. Ukavu ule unaomsumbua mtunzaji ndio mlinzi wetu. Nisingesema hivyo kwa Bukoba, wala kwa vijiji vilivyopakana na msitu wa Minziro. Huko mtu afikiri mara mbili kabla ya kuingiza mkangaga wowote usio wa hapo.

Linalofuata si pingamizi dhidi ya ufundi huu, bali dhidi ya wizi unaojificha nyuma yake. Mkangaga mkubwa uliong'olewa msituni na kupakiwa kwenye lori unauzika kwa bei nzuri, na mara nyingi hufa, kwa kuwa mizizi myembamba iliyoulisha imebaki korongoni. Uingereza ya karne ya 19 ilipatwa na homa ya makangaga. Daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa amegundua kwamba kangaga hustawi ndani ya sanduku la kioo lililofungwa, na punde kila sebule ya wenye uwezo ikataka lake. Wachumaji walipita mabondeni na magunia, na kule Ireland kangaga la Killarney lilikaribia kutoweka kwenye maporomoko yake. Kwingineko duniani mashina ya mikangaga yamekatwa vipande ili kupandishia okidi. Ndiyo maana jamii ya Cyathea, pamoja na mikangaga yetu iliyokuwa ikihesabiwa humo, imewekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Na hapa nchini mimea ya hifadhi inalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Spora inaondoa kisingizio chote. Kipande cha jani kisichozidi kiganja, kikichukuliwa kwa kibali, kina vumbi la kutosha kuotesha miche ya mtaa mzima, na mmea mama hauhisi lolote. Anayenunua mkangaga mzima aulize umetoka kitalu gani. Muuzaji akisitasita, aondoke.

Wapo watakaosema haya yote ni kazi kubwa kwa mmea usioliwa. Nawaelewa; mpapai unalipa ndani ya mwaka. Lakini mpapai na mkangaga haigombei nafasi. Kwenye kona ya kusini mwa jabali, yenye kivuli karibu miezi yote ya kiangazi, mpapai hauzai kitu. Magimbi na migomba vinazaa, na vyote viwili hukaa vizuri na mkangaga. Tena sikubali kwamba uzuri uombe radhi kwa kutokujaza tumbo. Watu wa mji huu hutazama jioni mawe ya Bismarck yakisimama majini, na hakuna anayeuliza yanaliwa vipi. Wapangaji nao, ambao ni wengi, wanaweza kushiriki sehemu iliyo bora zaidi ya ufundi huu, kwa sababu kopo la spora halihitaji hati ya kiwanja na huhama na mwenyewe. Ningependa kuona vitalu vya namna hiyo kwenye shule za Nyegezi na Butimba, na ningependa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, waliozoea kupima pamba na mihogo kwenye udongo huuhuu, wapime pia mboji gani ya mwambao inaotesha spora vizuri zaidi. Mwanafunzi aliyeona kwa lenzi seli ikiogelea kwenda kwa nyingine atakuwa amejifunza biolojia ya mimea kwa namna ambayo ubao hauwezi kumpa.

Kwa anayetaka kuanza, kalenda ya Mwanza inajipanga hivi. Spora zipandwe wakati wowote, maana ndani ya kopo hakuna msimu. Miche ihamishiwe kwenye vyungu ikiwa na majani manne au matano, na ikae barazani mwaka mzima au zaidi. Mahali pa kudumu pachaguliwe Julai, kwa kiganja juu ya jiwe, na shimo lichimbwe Agosti, wakati udongo unasema ukweli wote: kama kwa kina cha mita moja kichanga bado kina ubaridi na kinashikamana kidogo mkononi, pajazwe mboji na kufunikwa. Kama ni vumbi hadi chini, pachimbwe pengine, karibu zaidi na jabali. Mvua ya pili au ya tatu ya Novemba ikishanyesha, na mawe ya nusu duara yakionekana kushika maji usiku mzima, mche uingie ardhini jioni, na uwe na miezi saba ya kushika mizizi kabla ya Juni.